Vumbi Juu ya Kitanda cha Mzazi

Juzi nilikwenda kuona nyumba ya kupanga. Dalali, kijana mwenye viatu vyeupe na maneno mengi, akanipandisha ngazi za nyumba moja ya kale hapa Tanga, upande wa bandarini, akafungua mlango kwa madaha kama anayemfunua bi harusi. "Karibu mama. Imekarabatiwa yote, juu mpaka chini. Hii ni mpya, sema wewe tu." Nikaingia, na macho hayajaona kitu bado, pua ikapata habari zake: rangi mbichi, na nyuma ya rangi, kwa mbali, harufu ya ukuta wa mawe wenye chumvi uliofunikwa haujakauka. Nikimaliza mwaka mzima bila kuinusa harufu hiyo hushukuru. Nikamwomba dalali ufagio. Akadhani nataka kufagia, maskini. Nikaugeuza, nikaanza kugonga dari kwa mpini, ko, ko, ko, chumba hadi chumba, naye kanitolea macho. "Mama, kwani unatafuta nini?" Nikamwambia natafuta kilichoko juu ya hiyo bodi. Nadhani alirudi kijiweni kwao akasema leo kapata mteja mwehu. Na aseme.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka mambo yalivyokuwa. Nyumba hizi za mawe za mjini, zenye milango mizito na madirisha marefu, sisi tulizikuta zimechoka. Popo juu, panya chini, na katikati kizee mmoja anayekataa kuhama. Kisha warithi wakaanza kuamka mmoja mmoja. Wakaingiza mafundi, wakapiga plasta, wakaweka choo cha ndani, wakatangaza kwamba kuna ghorofa ya kupangisha. Sisi tulikuwa wapangaji wa mwanzo mwanzo. Nilikuwa na miaka tisa, na siku ya kwanza nilipovuta mnyororo wa choo maji yakashuka yenyewe, nilijiona nimehamia ikulu.

Tulitoka Makorora, kwenye nyumba ya ukoo wa baba, chumba kimoja sisi watatu, na uani watu kumi na tano wanagombea choo kimoja. Sisemi Makorora kubaya, nina watu wangu kule na ndiko nitakakozikwa. Lakini katika chumba kile mama aliharibikiwa na mimba mbili. Ya pili niliiona mwenyewe, maana yake niliona beseni lenye shuka limetoka ndani, na Shangazi Mwanaisha ananifukuza mlangoni kwa ncha ya kanga. Shangazi huyu alikuwa dada mkubwa wa baba, mkaazi wa Mabawa, mwanamke mrefu wa sauti kavu, anayejua mambo ya uzazi na miiko yake yote, na ukivunja mmoja anakusema mpaka unatamani ungezaliwa kwingine. Mimba ya tatu ilipoingia, mama akamwambia baba waziwazi: "Nitoe chumba hiki. Nimechoka kuzika watoto wasio na majina."

Baba alikuwa dereva wa lori, anapeleka mizigo Horohoro na kuvuka nayo mpaka Mombasa, siku nne katika wiki halali nyumbani. Akatafuta, akaulizia, mwisho akaipata ile ghorofa ya juu ya nyumba ya Bwana Twaha. Bwana Twaha alikuwa mtu wa makamo, kanzu safi, kofia safi, ndevu zimekatwa kwa rula. Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yake. Alitukabidhi funguo mwenyewe, akatutembeza, akituonyesha dari jipya la bodi nyeupe kila chumba, halafu akanitazama mimi. "Binti, nyumba hii imekula miaka mingi. Haipendi watoto wa kurukaruka. Juu kwenye paa mtaanika nguo, lakini kuruka hapana. Nikisikia mtoto anaruka, nawatoa siku hiyohiyo." Akacheka, baba naye akacheka. Mimi sikuona cha kuchekwa.

Mimba ikakua. Miezi ikapita salama, kila mwezi mama ananawiri, na tumbo likafika tulikokuwa hatujawahi kulifikisha. Nasoro akazaliwa mzima, mweusi tii, na sauti ya kuamsha mtaa. Siku ya pili tu alikuja jirani mmoja kutoa hongera, akasimama mlangoni mwa chumba, na mama, amelala na mwanawe kwapani, akamwambia maneno haya ambayo ningeomba asingeyasema mbele yangu: "Bibi we, miye nakwambia, nyumba hii ndiyo imenipa mtoto huyu. Kule nisingempata."

Mtu mzima akisikia hivyo anajua ni shukurani. Mimi niliyashika yalivyo. Nyumba imetupa mtoto. Basi mtoto ni wa nyumba, na sisi tukiondoka nyumba itamrudisha kwake, kama ilivyokuwa kwa wale wawili walioondoka kwenye beseni. Sikumuuliza mtu. Nani ungemuuliza jambo kama hilo? Nikalifungia kifuani na kuanza kuishi nalo.

Arobaini ya mama ikaanza, na Shangazi akahamia kuisimamia. Mnaijua arobaini ya enzi zile. Mzazi hatoki chumbani ila kwenda kukandwa, dirisha halifunguliwi, upepo haumpati, mtoto hatolewi hata ukumbini. Kila asubuhi Shangazi alichemsha sufuria kubwa la maji, akamchukua mama bafuni kumkanda kwa kitambaa cha moto mpaka tukasikia vilio, kisha uji wa pilipili manga, kisha chetezo chini ya kiti. Chumba kilijaa mvuke na moshi wa ubani, kuta zinatoka jasho. Kazi yangu mimi ilikuwa moja: mama akiwa bafuni, niingie, nifagie chumba, nitandike, nimwangalie Nasoro. Nusu saa hiyo kila siku chumba kilikuwa changu na mdogo wangu. Hakuna mwingine aliyekuwa na fursa ya kukitazama vizuri kabla moshi haujarudi.

Siku ya kumi na saba nikafanya ujinga wangu. Shangazi kalala baada ya chakula, mama kalala, mtaa mzima kimya kwa joto, nami mtoto wa Makorora niliyezoea kucheza na wenzangu kumi nimekaa peke yangu kama kuku wa mayai. Nikapanda juu ya paa na kipande cha kamba ya kuanikia. Nikaruka. Nilihesabu mpaka hamsini, wallahi, kwa raha zote. Nilipofika hamsini na kidogo nikasikia chini ya nyayo zangu kitu kimelia, *tku*, mlio mmoja mfupi. Nikasimama na kamba mkononi, nimekufa ganzi.

Kesho yake asubuhi nikaingia kufagia, na juu ya kitanda cha mama kulikuwa na vumbi jeupe. Kitanda chenyewe kilikuwa kile cha besera, chenye nguzo nne na kitambaa juu mfano wa paa, urithi wa bibi yetu. Kitambaa ndicho kilicholipokea vumbi, mama chini yake hakuona kitu. Nikanyanyua uso. Kwenye lile dari jeupe la Bwana Twaha, pale zinapokutana bodi mbili, kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, haukuwepo jana.

Niwaambie sasa nilichokuja kukijua baadaye, ili msihangaike. Juu ya zile bodi nzuri zilikuwa boriti za mkoko, za tangu nyumba ijengwe, na juu ya boriti ni mawe na chokaa, paa zima. Nyumba ya mawe ya pwani hujengwa kwa chokaa kwa sababu chokaa huvuta unyevu na kuutoa. Mafundi wa ukarabati waliipaka saruji ndani na nje, unyevu ukakosa njia, ukarudi kwenye vichwa vya boriti vilivyochomekwa ukutani, vikaoza humohumo. Badala ya kuzitoa wakazifunika kwa bodi na kupaka rangi. Mvuke wa arobaini ya mama ukamalizia. Mimi sikuvunja chochote. Mtoto wa kilo ishirini havunji paa kwa kamba. Lakini nani alikuwepo wa kuniambia hayo? Nilichojua ni kuwa nimeruka, nyumba imevunjika, Bwana Twaha akijua atatutoa, na tukitoka Nasoro atakufa.

Basi nikaficha.

Kila asubuhi, Shangazi na mama wakishaingia bafuni, nilipanda juu ya kigoda, nikakikung'uta kile kitambaa cha juu ndani ya kanga yangu, nikafunga vumbi fundo na kwenda kulimwaga chooni, nikavuta mnyororo. Siku ya tatu ya kuficha, ufa ulikuwa umetoa tawi. Nikachukua unga wa ngano, nikaukoroga na dawa ya meno ya baba, nikaweka kigoda juu ya kiti na mimi juu ya kigoda, nikauziba kwa kidole. Ulikaa vizuri, mweupe kwa mweupe. Nilijivuna, msinicheke. Siku ya tano ulikuwa umedondoka na ufa umeongezeka, nikaukoroga tena. Wakati wote huo Nasoro yuko chini yangu kitandani, macho yamepakwa wanja, anachezesha miguu. Nikimaliza kuziba nilikuwa nashuka, napanda kitandani na kumwinamia kwa viwiko, mgongo wangu juu, ili kikishuka kitu kinipate miye kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yangu ya miaka tisa. Kumtoa pale sikuwazia. Mwiko haumruhusu.

Mara moja kilishuka. Kilikuwa kipande cha chokaa kama kokwa ya popoo, kikapiga kwenye besera *pwa*, kitambaa kikabonyea, Nasoro akashtuka na kulia.

"Zuwena! Nini hicho?" Mama, kutoka bafuni.

"Kigoda, mama. Kimeanguka."

"Utaniamshia mtoto, weye!"

"Sirudii, mama."

Nikakitia mfukoni. Nilishinda nacho siku nzima, kila nikikaa kinanichoma paja.

Baba alirudi safari katikati ya siku hizo, na biskuti za Mombasa. Nilikaa naye ukumbini, nimeshika pakiti sijaifungua. Nikasema moyoni, leo nasema. Nikafungua mdomo. Baba akanitangulia, akanivuta ubavuni na kusema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayefurahi mpaka anaogopa: "Umemwona mama yako anavyocheka? Miye nakuomba kitu kimoja tu, Zuwena. Tusimuudhi Bwana Twaha. Tukitolewa hapa sijui mama yako nitampeleka wapi." Nikafunga mdomo. Nikala biskuti zote, sikusikia ladha ya hata moja.

Kisha mvua za masika zikaanza. Zilinyesha siku mbili mfululizo, na asubuhi ya siku ya thelathini na nne nilipoingia na ufagio, dari lilikuwa limetuna. Bodi moja, ile iliyo juu kabisa ya mto wa mama, ilikuwa imeshuka katikati kama shavu la mtu mwenye jino bovu, na ndani yake kitu kilikuwa kinaporomoka kidogokidogo, mchanga unaotafuta njia. Nilisimama nikiusikiliza. Unga wangu na dawa yangu ya meno vilikuwa sakafuni. Nikakoroga vingine mbiombio, nikapanda, nikaziba, nusu ikinimwagikia kichwani, na bodi ikapumua chini ya kidole changu. Ilikuwa ya moto na laini. Nikashuka, nikamlalia Nasoro kwa viwiko, nikasoma Kulhuwallahu mpaka nikaipoteza mwanzo na mwisho.

Siku hiyohiyo, mnaona mambo, Bwana Twaha akaamua kuja kumwona mtoto. Tukasikia hodi ngazini. Mama alisharudi kitandani, Shangazi akarudishia mlango wa chumba na kumkaribisha mgeni ukumbini. Kaleta doti ya kanga. Shangazi akamtilia kahawa.

"Nyumba mnaionaje, Bi Mwanaisha?"

"Alhamdulillahi. Nyumba nzuri, Bwana Twaha. Kavu."

Kavu! Nilikuwa nimesimama na sinia la vikombe. Wote wawili wanakunywa kahawa, na hatua sita kutoka walipokaa, mama amelala chini ya shavu lile.

Bwana Twaha akanigeukia. "Na binti yetu haruki?"

"Shikamoo. Siruki."

"Marahaba. Na hicho kichwani ni kitu gani?"

Nikajishika nywele. "Unga, mzee. Nilikuwa nakanda maandazi."

Akacheka, akanisifu, mke mwema huanza mapema. Akamaliza kahawa yake, akaaga, akashuka ngazi. Shangazi hakucheka. Alikaa na kikombe mkononi mpaka nyayo zilipopotea chini, ndipo akaniita kwa kidole. Nikaenda. Akachukua unga kwenye nywele zangu, akautia ulimini, akautema.

"Leo nani kakanda maandazi nyumba hii?"

Nikalikumbatia sinia.

"Zuwena. Unga gani una chokaa na dawa ya meno? Umefanya nini, mwanangu?" Na hilo neno mwanangu, kwa ile sauti yake kavu, ndilo lililonimaliza. Angenichapa nisingesema.

"Bwana Twaha akijua tutatolewa."

"Na tukitolewa?"

"Nasoro atakufa. Nyumba ndiyo iliyompa. Mama kasema."

Shangazi akanishika kidevu. "Ewe mtoto," akasema polepole, "nyumba inazaa?" Kisha uso ukambadilika. "Nionyeshe."

Hatukufika mbali. Alifungua mlango wa chumba, akanyanyua macho, na mwanamke yule niliyekuwa nikidhani haogopi kitu akaweka mkono kifuani.

"Wifi," akamwambia mama, taratibu kabisa, "inuka utoke."

Mama alikuwa anamnyonyesha Nasoro. "Nitoke wapi?"

"Toka chumbani. Sasa hivi."

"Na mvua hii? Nina siku sita bado! Si weye uliyeniambia hata kichwa nisitoe dirishani?"

"Ni miye. Na miye nakwambia toka."

"Sitoki, wifi. Wawili wamenitosha. Huyu simtoi kwenye upepo kabla ya arobaini yake, hata uite nani."

Toka pale mlangoni nilikuwa nausikia ule mchanga. Mama hausikii, ana mtoto wa kumsikiliza. Nataka mwelewe Shangazi alikuwa nani. Mwanamke huyu alishawahi kumgombeza mkunga wa hospitali kwa kufungua pazia. Arobaini kwake ilikuwa kama sala. Akatembea mpaka kitandani, akainama chini ya besera, akamchopoa Nasoro kwenye ziwa kama mwizi anavyochopoa pochi, akageuka, akatoka naye ukumbini bila kumfunika hata kichwa. Mama akapiga ukelele ambao sijausikia tena. Akaruka kutoka kitandani na kanga moja, miguu mitupu, akamfuata mbio. Alimfuata mtoto, hakumwona hata Shangazi.

Ukumbini ikawa vita. Mama analia, anavuta, "Nipe mwanangu, umeingiwa na nini, nipe!" Shangazi anamzuia kwa bega asirudi chumbani. Nasoro analia. Na dari, nawaambieni, dari halikufanya kitu. Tulikaa hivyo, dakika moja, tano, na kule ndani kimya. Nikaanza kuona aibu, kama nimesema uongo. Bwana Twaha alikuwa bado chini mlangoni anasubiri mvua ipungue, akasikia kelele, akapanda tena.

"Kulikoni?"

"Dari lako linashuka," Shangazi akasema.

"Dari langu! Bi Mwanaisha, dari hili halina hata mwaka."

"Katazame."

"Nitatazama, na nitawaonyesha. Nyumba ya marehemu baba yangu haitatangazwa mjini kuwa mbovu kwa maneno ya wanawake." Alikuwa amekasirika kweli, kofia imekaa upande. "Nitakwenda kujilaza kwenye hicho kitanda chenyewe, mwone." Akaelekea chumbani.

Na mimi, niliyekuwa nimemwogopa mtu yule siku kumi na saba kuliko shetani, nikamrukia. Nikaishika kanzu yake kwa nyuma kwa mikono miwili.

"Ni miye! Usiingie! Nimevunja miye, niliruka kamba juu, niliruka hamsini! Nisamehe mzee, usitutoe, mtoto atakufa!"

Akasimama kizingitini. Akageuka, akainama kunitazama, mkono mmoja kwenye mwimo wa mlango, na nikaona ndevu zake zinaanza kutabasamu. "Uliruka hamsini?" akasema.

Nyuma yake chumba kikashuka.

Sikumbuki mlio, nakumbuka upepo. Vumbi likatupiga usoni ikawa giza mchana, na kanzu ya Bwana Twaha bado iko mikononi mwangu. Lilipotulia, kitanda cha bibi hakikuwepo. Palikuwa na mawe, na nguzo moja ya mbao imesimama katikati ya mawe, na mvua inanyesha juu yake.

Bwana Twaha akakaa chini palepale sakafuni. Alikuwa mweupe kope mpaka vidole. "Fundi aliniambia boriti mbili tu," akasema. "Mbili tu."

"Mbili tu," Shangazi akarudia. "Na wewe ukamlaza mzazi chini ya hizo mbili." Akainama, akaokota kichwa cha boriti kilichobingirika mpaka mlangoni, akakibonyeza kwa vidole. Kikamong'onyoka. Akanitilia yale makombo kiganjani. "Hii uliivunja weye? Hii imeoza, mwanangu. Tazama vizuri."

Mama alikuwa amepiga magoti na Nasoro kifuani. Akanitazama juu ya kichwa cha mtoto. "Zuwena, ulijua?"

"Kajua leo," Shangazi akamjibu, kabla sijavuta pumzi. "Kaona leo, kaja mbio kuniambia. Yeye ndiye aliyemwokoa mdogo wake."

Alasiri hiyo tukarudi Makorora, chumba kilekile, mama akamalizia siku zake sita chini ya bati. Nasoro alikohoa vumbi siku tatu. Nilikaa kando yake na kidole chini ya pua yake, nasubiri nyumba ije kudai chake, na kila nikihisi pumzi nilikuwa namwomba Mungu nyingine. Siku ya arobaini akatolewa nje, jua likampiga, akapiga chafya. Hapo ndipo nilipoamini kuwa nyumba haikumpa wala haiwezi kumchukua. Nikaenda nyuma ya choo, nikalia mpaka nikatapika.

Na Shangazi hatukulizungumza tena. Mara moja tu, nimeshaolewa, nilitaka kulianzisha, akaniambia, "Miye nimeshasema nilichosema. Likikulemea utalitua mwenyewe." Amefariki nalo, Mungu amrehemu. Mama ndiye aliyelieneza lile lingine. Kila Idi, kila harusi, kila mgeni: "Huyu Zuwena mnayemwona, bila yeye Nasoro hayupo." Watu hunigusa bega. Nimeguswa bega maisha yangu yote.

Wiki mbili zilizopita Nasoro kapata mtoto wake wa kwanza, wa kike. Tulikusanyika kwake Mabawa siku ya saba, mama kaisimulia tena yote, na nywele za mtoto ziliponyolewa Nasoro akasimama, mtu mzima na kitambi chake, akasema jina. Zuwena. Akasema, sababu yake wote mnaijua. Wakapiga vigelegele. Wakanipa mtoto nimpakate, mwepesi, anachezesha miguu, macho yamepakwa wanja.

Nikamrudisha kwa mama yake. Nikamwita Nasoro barazani, nikamwambia akae. Nikamweleza habari ya unga na dawa ya meno, kigoda juu ya kiti, fundo la vumbi chooni. Nikamweleza mama yetu alivyokuwa analala pale usiku na mchana, na yeye kwapani, nami najua. Alinisikiliza hakunikatiza. Nilipomaliza alikuwa anatazama mikono yake.

"Asubuhi ngapi, dada?"

"Kumi na saba."

Ndani mtoto akaanza kulia, na mkewe tukamsikia anambembeleza, taratibu, anamwita kwa jina langu.